Sahani Iliyopigwa Bila Jina

Watu wa Mbeya walikuwa wakisema kwamba Asukile Mwakyoma ndiye mtu pekee aliyeweza kumkalisha Mnyakyusa kimya nusu saa siku ya Jumapili pasipo mchungaji kusimama mbele yake. Asukile alikuwa mtangazaji katika kituo kidogo cha redio pale Iringa, mwaka 1957, na kila Jumapili saa kumi jioni alipewa nusu saa ya kupiga sahani za santuri za muziki wa Kizungu, ule wa fidla nyingi na vinanda, usiochezwa wala kuimbwa, wa kusikilizwa tu. Wengi walidhani kipindi kile hakitamaliza mwaka. Kilimaliza mitatu.

Mzungu mkuu wa kituo alikuwa amempa kanuni fupi. Kabla ya sahani, taja jina la muziki, jina la mtunzi, na kitu kimoja cha kusikiliza. Baada ya sahani, taja jina tena, kisha nyamaza. Asukile akaongeza ya kwake: hapigi sahani ambayo hajaisikiliza mwenyewe kwanza, siku ya Jumamosi, mlango umefungwa na kalamu iko mkononi. Hicho kitu kimoja cha kusikiliza alikitafuta kwa bidii, na alikitoa kwa maneno ambayo mkulima wa pareto angeweza kuondoka nayo.

"Leo kuna zumari," alisema Jumapili moja, "itaingia imechelewa, wenzake wameshaanza. Msiilaumu. Ndivyo ilivyoandikiwa."

Basi kule Mbeya, kwenye duka la Vinubhai karibu na soko, ambako redio ya betri ilikaa juu ya kaunta kati ya sukari na mafuta ya taa, watu wote walizuia pumzi wakiingojea zumari kama wanavyomngoja mkwe aliyechelewa harusini. Ilipoingia, wakapiga makofi.

Na walikuwa wakiandika. Vinubhai mwenyewe aliandika kwamba Jumapili iliyopita ngoma kubwa ilipiga bila taarifa, na mkewe Nirmala akaangusha sufuria ya maziwa. Asukile akamjibu hewani: "Bwana Vinubhai wa Mbeya, pole kwa maziwa. Leo ngoma iko karibu na mwisho, fidla zikishaanza kukimbia. Mama Nirmala aweke chini kila alichoshika." Watu walicheka toka Mbeya hadi Ruaha Mbuyuni, na tangu siku hiyo barua zikaongezeka mara mbili.

Lakini mwandishi mkubwa wa barua alikuwa Mzee Isakwisa, kiongozi wa matarumbeta ya kanisa kwenye misheni moja milimani, juu ya mji wa Mbeya. Huyo hakusifu. "Aliyepiga tarumbeta ya pili Jumapili," aliandika, "alikuwa ameshiba ugali. Pumzi yake inaishia kifuani. Mwambie." Asukile aliisoma hewani kwa heshima zote, akaahidi kumwambia, ingawa mpigaji mwenyewe alikuwa Ulaya na huenda alikuwa marehemu. Ambacho wasikilizaji wengi hawakukijua ni kwamba Mzee Isakwisa alikuwa baba mkwe wake. Ndiye aliyemfundisha Asukile tarumbeta tangu ana miaka kumi na miwili, ndiye aliyempa binti yake Ikupa, na ndiye aliyekasirika Asukile alipoacha ualimu wa misheni na kumchukua Ikupa na mtoto wao hadi Iringa, kwenda kusema kwenye chombo. Mzee alitaka amrithi kwenye matarumbeta. Miaka mitatu alikuwa akimlipa kwa barua za kumkosoa, na kila barua alianza "Bwana Mtangazaji," akamaliza, chini kabisa, kwa herufi ndogo: "Na wewe mkwe wangu, nisalimie nyumba yako." Stempu moja, barua mbili. Mzee hakuwa mtu wa kuchezea stempu.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa hadi Machi.

Alhamisi ya tarehe kumi na nne Machi, mtoto wao wa pekee, Sekela, wa miaka sita, alikufa kwa kichomi. Aliugua siku tatu. Alizikwa Ijumaa, mvua ikinyesha, na majirani wa Kihehe na wafanyakazi wa kituo, na Wanyakyusa wachache waliokuwa na kazi pale mjini. Baada ya maziko Asukile alikwenda posta kupeleka simu ya maandishi kwa Mzee Isakwisa. Ilikuwa kazi yake, maana kwao habari ya kifo hupelekwa na upande wa baba; mama aliyefiwa haandiki, anangoja watu wake wamjie.

Karani alimsukumia karatasi. Asukile akaandika jina la mzee na jina la misheni. Kisha akaandika SEKELA. Kalamu ikasimama hapo. Alijua neno linalofuata, ni neno dogo, kila siku linaandikwa posta, na mkono haukuliandika. Alisimama akilitazama lile jina kwa muda mrefu.

"Bwana, nyuma yako kuna watu," alisema karani.

Asukile akasogea pembeni ili wapite. Akaendelea kusogea, akafika mlangoni, akatoka. Hakuwa na nia mbaya. Alidhani atarudi mvua ikipungua. Nyumbani alimkuta Ikupa ameketi mkekani kati ya wanawake, shingo imelegea, sauti imekauka kwa kulia.

"Simu umepeleka?"

"Nimepeleka."

Hapo ndipo ilipo shida yote, na wala haihitaji kuzungushwa. Alikuwa na Jumamosi ya kurudi posta, akaenda kazini. Alikuwa na Jumatatu. Kila siku iliyopita ilifanya ile simu iwe nzito zaidi, kwa sababu sasa ingebidi iseme na tarehe. Mtu mwingine angeogopa, au angejichukia. Asukile hakusikia kitu. Alikuwa amekufa ganzi tangu walipomfunika mtoto udongo. Alikula akiwekewa, alilala akilala mkewe, alinyoa ndevu, alijikata, akaiona damu kwenye kioo kabla ya kuisikia. Hakulia hata mara moja. Majirani walisema ni mwanamume wa nguvu. Majirani hawajui kitu.

Ikupa alingoja watu wake. Juma la kwanza alifagia uwanja kila asubuhi na kuinjika chungu kikubwa cha maharage, kwa kuwa watu wa kilio kutoka Mbeya wangefika kumi, ishirini, na wangefika na njaa. Akisikia lori barabarani, alisimama. Juma la pili alisema ni mvua, barabara imekatika Chimala. Juma la tatu akakirudisha chungu kikubwa kwa mama Lusia, jirani aliyemwazima.

"Tata hajanisamehe," alisema jioni moja, akimwita baba yake kama wanavyoita kwao. "Nilidhani ni hasira ya mdomo tu. Kumbe hata mtoto akifa haji."

"Labda barabara," alisema Asukile.

"Mabasi yanafika. Yanafika kila siku."

Asukile alikitazama kidole chake kilichokuwa juu ya meza na kukiona kama cha mtu mwingine.

Tangu hapo Ikupa hakulitaja tena jina la baba yake, ila kwa ubaya. Aliwaambia majirani, mbele za watu, kwamba akifa yeye, mzee yule asiitwe kumzika. Kwa Mnyakyusa hilo si neno la kutupa ovyo. Wala hakwenda tena kwa mama Lusia kusikiliza redio siku za Jumapili, na hiyo ilikuwa salama ya Asukile, kwa sababu barua za mzee hazikukoma.

Zilifika nne katika majuma yale. Mzee hakujua lolote. Alikosoa, alibisha, aliuliza kwa nini Wazungu wanaweka tarumbeta nyuma ya fidla. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo: "Na wewe mkwe wangu, nisalimie binti yangu. Sekela mwambie ng'ombe mwekundu amezaa ndama mwenye doa jeupe usoni, nimesema ni wake, nimekataza asiuzwe." Asukile alisoma hewani ile nusu ya juu. Ile ya chini aliikunja, akaitia kwenye droo ya meza ya studio, nyumbani hakufika nayo.

Na utangazaji wake ulikuwa umebadilika. Alitaja jina, akataja mtunzi, na kitu cha kusikiliza hakikuwapo. "Tumepokea barua ya Bwana Vinubhai wa Mbeya. Tunamshukuru." Basi. Vinubhai, ambaye hakuwa mtu wa kuficha, akaandika tena: "Bwana Asukile, wewe gonjwa? Sasa nasoma muziki kama mtu nasoma jina juu ya gunia. Hapa dukani watu nauliza mimi." Asukile aliisoma hiyo pia hewani, neno kwa neno, kwa sauti ileile, akasema tunamshukuru. Edmund Kalinga, fundi mitambo, Mhehe wa Kalenga aliyekuwa upande wa pili wa kioo, aliinamisha kichwa juu ya mashine zake kwa aibu.

Jumapili ya tarehe ishirini na sita Mei, kituo kilikuwa kimepokea sanduku la sahani kutoka kwa mlowezi mmoja wa Sao Hill aliyerudi kwao. Jumamosi Asukile hakuzisikiliza. Alikuwa ameacha kusikiliza Jumamosi tangu Machi. Alikaa tu chumbani na mlango umefungwa hadi muda wa kwenda nyumbani. Jumapili akachukua sahani tatu za juu. Mbili zilikuwa na majina. Ya tatu ilikuwa kwenye bahasha ya kaki isiyo na maandishi, na karatasi yake ya katikati ilikuwa imebanduka. Ilipofika zamu yake akaiweka, akasogea kwenye maikrofoni, akaona hana la kutaja.

"Na sasa, muziki," alisema, akashusha sindano.

Lazima msomaji aelewe desturi ya misheni ile ya milimani. Mtu akifa huko, kabla ya kengele, matarumbeta hupigwa kutoka baraza ya kanisa, na kuna tuni nne: ya mzee, ya mama, ya kijana, na ya mtoto. Aliye kondeni ng'ambo ya bonde akisikia tuni anajua amlilie nani kabla hajaambiwa jina, na anashusha jembe. Tuni hizo wamisionari walizileta kutoka kwao, ambako labda ni nyimbo za asubuhi tu, lakini huku zilipewa kazi hiyo moja na hazina nyingine. Hazifanyiwi mazoezi kwa tarumbeta zenyewe za shaba. Wapigaji hujifunza kwa mdomo, wameketi ndani, taratibu, na Mzee Isakwisa aliwahi kumchapa Asukile fimbo mbili kwa kuipuliza nusu ya mstari mmoja nje, kwa mchezo. Shaba ikigusa tuni ile, kuna mtu amekufa. Ya mtoto ndiyo fupi kuliko zote. Asukile katika ujana wake aliipiga mara kumi na moja.

Sahani ile ilikuwa ya matarumbeta matupu. Mstari wa kwanza haujaisha alishaijua.

Kuinyanyua sindano ni kazi ya kidole kimoja. Angeweza kusema samahani, sahani ina kasoro, akaweka nyingine. Kidole kilikuwa pale pale, karibu. Alikaa. Jambo la kwanza alilowaza lilikuwa la kazi: hawa wanapiga polepole kuliko sisi. La pili: tarumbeta ya pili ina pumzi. La tatu likaja bila haraka, na bado hakusikia kitu kifuani: sasa wamejua.

Tuni iliisha. Sindano ikakwaruza. Taa nyekundu ilikuwa inawaka na Edmund nyuma ya kioo alikuwa ameinua kidole, akimngoja ataje jina. Asukile akafungua mdomo. Akaufunga. Sekunde zilipita, nyingi kuliko kanuni yoyote ya kituo ilivyoruhusu, mpaka Edmund akazima maikrofoni mwenyewe na kufungulia taarifa ya hali ya hewa.

"Ndugu yangu, ile imekuwaje?" aliuliza Edmund akiingia. "Jina la muziki halipo?"

"Silijui jina lake," alisema Asukile, na hapo kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alikuwa amesema kweli.

Yaliyotokea Mbeya alikuja kuhadithiwa na Vinubhai. Duka lilikuwa limejaa, watu wa mjini kwa wa milimani waliotoka kanisani. Tuni ilipoanza, wa mjini waliendelea kutafuna karanga. Wa milimani wakaacha. Mzee Isakwisa akavua kofia, akasimama.

"Nini, Mzee?" aliuliza Vinubhai. "Redio haribika?"

"Mtoto amekufa."

"Mtoto gani?"

"Wa huyu anayesema."

Mtu mmoja alibisha, akasema ile ni sahani tu ya Wazungu, wao hupiga chochote. Mzee akamjibu kwamba angekubali kama ingetajwa jina. Miaka mitatu mkwe wake hajapiga hata sahani moja bila kuitambulisha mbele na nyuma. Hii ameipiga tupu, na baada yake akanyamaza. Na mtoto wa nyumba ile ni mmoja. Vinubhai hakuielewa desturi, lakini alimwelewa mzee. Alifunga duka, akawapa lori lake na dereva.

Walifika Iringa Jumanne alasiri, watu kumi na mmoja, wamejaa vumbi hadi kwenye kope. Asukile alikuwa ametoka kazini, amesimama mlangoni bado na viatu. Ikupa alikuwa uwanjani anachambua maharage. Lori likasimama, wanawake wakashuka, na kama inavyopasa walianza kulia pale pale barabarani, mikono kichwani, wakimwita Sekela kwa jina, mbele yao mama yake Ikupa, Atuganile.

Ikupa hakusimama. Alingoja wakafika karibu.

"Mmekuja kufanya nini, Juba?" alimwuliza mama yake, akimwita kwa neno la kwao. "Majuma kumi. Nyasi zimeshaota."

Kilio kikakatika. Atuganile akashusha mikono kutoka kichwani. "Majuma kumi gani, mwanangu? Sisi tumesikia juzi. Juzi Jumapili, kwenye redio. Jana alfajiri tukapanda gari."

"Juzi?"

"Mtoto amekufa lini?" aliuliza Mzee Isakwisa kutoka nyuma. Alikuwa bado ameshika kofia.

"Machi," alisema Ikupa. Kisha akageuza shingo, taratibu, akamtazama mumewe. Kila mtu akageuka naye. Mama Lusia, aliyekuwa amekuja mbio kutoka kwake kwa kusikia vilio, alisimama kwenye ua, naye akatazama.

"Asukile. Simu ulipeleka?"

"Sikupeleka."

Njia ya mwongo ni fupi, husema watu. Ya Asukile ilikuwa imekwenda toka Iringa hadi Mbeya na kurudi, na ikaishia kwenye kizingiti cha mlango wake. Alingoja apigwe. Wapo wanaume pale waliokuwa na haki ya kumpiga, na mmoja, kaka yake Ikupa aitwaye Yotamu, alishavua koti. Ikupa ndiye aliyemzuia, si kwa huruma. Alikuwa amempita na kwenda kupiga magoti mbele ya baba yake.

"Tata, nimekutukana. Nimesema mbele ya watu usinizike. Nilidhani umekataa kuja."

Mzee akamshika kichwa kwa mikono miwili kama mtoto mdogo, akamtazama Asukile juu ya kichwa hicho. "Barua zangu ulizipata?"

"Nilizipata."

"Zote?"

"Zote."

"Hata ya ndama?"

Asukile akaitikia kwa kichwa. Mzee hakuuliza zaidi. Alikaa chini kwenye mchanga, yeye na mavumbi yake, akalia kwa sauti bila kujificha uso, na wanawake wakaanza upya, na safari hii Ikupa akalia pamoja nao. Asukile aliwaona wote. Alijua kwamba hapa ndipo mtu hulia. Hakikuja kitu.

Jumatano walikwenda kaburini. Mchana wake, wakiwa wamekaa kushauriana, Atuganile alisema mtoto lazima aliliwe na nyumbani pia; kule juu watu wameshakusanyika, wanangoja. Ila kuna aibu. Watauliza kwa nini Machi, kwa nini Mei. Akamtazama mkwe wake kidogo, kisha akatazama pembeni.

"Tutasema simu ilipotea njiani," alisema. "Mvua ilikuwa kubwa. Nani ataulizia posta?"

Asukile alisikia kitu kikilegea shingoni. Ilikuwa nafuu, kitu cha kwanza kukisikia tangu Machi, na mara akaona haya kwamba ndicho hicho.

"Hapana," alisema Ikupa. "Aseme mwenyewe. Kusema si ndiyo kazi yake?"

"Na akikataa?"

"Akikataa, abaki na redio yake. Mimi huku sirudi."

Hakumsemesha Asukile, aliwasemesha wengine, lakini kila mmoja alijua maneno yale ni ya nani. Alhamisi asubuhi lori lilipowashwa, Asukile alikuwa amepanda nyuma kabisa, juu ya gurudumu la akiba. Hakuna aliyemkaribisha wala aliyemshusha. Safari ya siku mbili, na njia nzima alikuwa akitunga maneno yake kichwani, kama alivyozoea kutunga Jumamosi, na kila alipofika kwenye jina la mtoto yalikatika.

Ijumaa jioni walilala mjini Mbeya. Jumamosi asubuhi, baridi ikiwa bado imekaa bondeni, Asukile alisimama barazani kwa Mzee Isakwisa. Watu walikuwa zaidi ya mia tatu, wameketi kwenye majani hadi kule migombani. Hawa ndio aliokuwa akisema nao miaka mitatu bila kuwaona. Vinubhai alikuwapo, amevaa koti juu ya koti, na Mama Nirmala pembeni yake ameshika mtungi wa chai aliyowaletea wafiwa. Kulikuwa na mchungaji. Kulikuwa na matarumbeta, yamelazwa juu ya mkeka. Ikupa alikuwa kati ya wanawake, mbele, ametazama chini.

Asukile akaanza. Sauti iliyotoka ilikuwa ya redio, laini, ya mbele ya maikrofoni, na haikufika hata mstari wa tatu.

"Sema, hatusikii!" alipaza sauti mzee mmoja kutoka nyuma.

Akavuta pumzi hadi tumboni, kama alivyofundishwa na mwenye nyumba ile. "Mtoto wangu Sekela alikufa Iringa tarehe kumi na nne Machi, kwa kichomi. Nilikwenda posta kuleta habari, nikashindwa kuandika. Nikamwambia mama yake nimeandika. Babu yake na bibi yake hawana kosa. Mama yake hana kosa. Mimi ndiye niliyenyamaza."

Wakamtazama. Mtu mmoja alitema mate. Baba zake wadogo wawili wakainuka, wakajikung'uta majani, wakaondoka bila kugeuka. Wengine hawakutikisika. Hakuna aliyelia, maana hawakujua kama wamlilie mtoto au wamlaani baba kwanza. Asukile alisimama mbele yao, mikono imening'inia. Alikuwa amesema. Hakusikia kitu.

Ndipo bibi mmoja mzee sana, aliyeketi karibu na mguu wa baraza, akamvuta suruali.

"Sisi tulimwona ana miaka mitatu, mkamchukua," alisema. "Tunamlilia nani? Tuambie alikuwaje."

Asukile akatafuta. Hakuwa ameandika kitu.

"Alikuwa," alisema, "alikuwa anaogopa kuku. Mbwa haogopi, ng'ombe haogopi, kuku anaogopa. Kwa jirani kuna jogoo mkubwa. Sasa akitaka kupita pale anabeba fimbo. Lakini hapigi. Akifika karibu anaiweka fimbo chini, anamwamkia. Anasema, Shikamoo, jogoo."

Mwanamke mmoja akacheka, ghafla, akajiziba mdomo kwa kanga. Mwingine akacheka naye. Na kicheko hicho kidogo ndicho kilichomwingia Asukile pale ambapo vilio vya siku zote vilishindwa kuingia. Alitaka kuendelea, alisema tena, "Shikamoo," na neno likamkwama, kifua kikamruka, akajikuta ameketi kwenye ukingo wa baraza analia kwa sauti mbaya, mbele ya watu mia tatu.

Hakuna aliyemwendea. Ikupa ndiye aliyenyanyua kichwa. Hakumtazama mumewe, aliwatazama watu, na akalishika neno pale lilipomwanguka.

"Jogoo wa mama Lusia," alisema, sauti yake kavu lakini ikisikika hadi migombani. "Kila asubuhi alimwamkia. Siku ya pili ya homa, baba yake yuko kazini, akaniambia, mama, leo sijamwamkia jogoo, atakasirika. Nikamwambia nitakwenda mimi. Akasema hapana, wewe hakujui. Nikambeba mgongoni na blanketi, mvua inanyesha, tukaenda, akamwamkia."

Wanawake walikuwa wameanza kulia, kwanza wa mbele, kisha wa nyuma, kisha bonde zima. Asukile alikaa na uso uliolowa, akimsikiliza mkewe. Hilo la mvua alikuwa hajawahi kuambiwa.